Entalpia: mambo ya kuweka sawa kabla ya kuchanganya asidi na kostiki

Mwanafunzi wa Tanga anayejiandaa kwa jaribio la joto la mmenyuko wa asidi na kostiki (hidroksidi ya sodiamu) aanze kwa kujua anapima nini. Entalpia ni nishati ya ndani ya kitu ikijumlishwa na zao la kanieneo na mjao wake: H = U + PV. Mwanasayansi Gibbs wa Marekani alikieleza kiasi hiki mnamo 1875. Jina lenyewe, kutokana na Kigiriki cha kupasha joto, alilitunga Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes, nalo likachapishwa mwaka 1909. Ukikuta kitabu kinasema "joto lililomo", soma kwa hadhari: hakuna apimaye entalpia nzima, tunapima badiliko lake tu.

Badiliko hilo huwa sawa na joto pale tu kanieneo isipobadilika. Ndiyo maana mfuniko wa kikombe huachwa na tundu, usikazwe.

Kazi kubwa iko kwenye kostiki. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na punje zikiachwa wazi hulowa mara moja. Ukipima gramu 4, sehemu yake ni maji, na mmumunyo unatoka hafifu. Pima haraka, funga chupa. Vaa miwani na glavu, maana kostiki huunguza macho na ngozi. Andaa mmumunyo saa kadhaa kabla, kwa sababu gramu 40 zikiyeyuka katika lita moja hupandisha jotoridi kwa kama digrii 10. Ukiutumia ungali na digrii 38 huku asidi ina 28, na ukaanza kuhesabu kutoka 28, jibu litakaribia kilojuli 100 kwa moli (kipimo cha wingi wa chembe) badala ya 57 iliyo sahihi. Kosa hili ni la kawaida mno, na hesabu iliyo safi hailifichui.

Sentimita za ujazo 50 za kila mmumunyo, wa asidi na wa kostiki, wa moli 1 kwa lita zikichanganywa hupandisha jotoridi kwa digrii 6.8 hivi. Kipimajoto kikikosea nusu digrii, umeshapoteza asilimia 7. Tafuta chenye vigawanyo vya 0.2. Tumia kikombe cha plastiki kilichozungushiwa pamba ndani ya bika (gilasi ya maabara), kwani kioo hunyonya joto. Zima feni na funga madirisha ya upande wa bahari. Koroga, kisha andika jotoridi kila nusu dakika hadi lianze kushuka.

Joto likitoka, badiliko la entalpia huandikwa kwa alama ya kutoa: kilojuli −57 kwa moli.