Kabla Mwezi Haujaandama: Kinywa, Tumbo na Dawa Zako

Shaaban, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ikiingia, huku Pemba kila nyumba inapiga hesabu ya mchele, tambi, sukari na tende. Afya tunaikumbuka mwezi ukishaandama. Haya yafanye sasa, wakati mchana bado unakula na kunywa.

Mwenye sukari au presha awe wa kwanza kutoka nyumbani. Wataalamu wa kisukari wanashauri umuone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo, kwa hiyo Shaaban ikiingia hujaenda umeshachelewa, usingoje tena, maana vidonge na sindano hupangwa upya. Havihamishwi tu kutoka asubuhi kwenda daku kwa akili yako. Muulize waziwazi kama unaweza kufunga. Akikuruhusu, ujue na mpaka wake: kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 au kikipanda zaidi ya 16.6 (kwa mashine inayosoma mmol/L), unakula hapo hapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani. Usijifanye hodari kuliko Aliyekuruhusu.

Mwenye vidonda vya tumbo naye akaonane na daktari.

Sasa meno, na hapa nisikilize vizuri. Jino linalouma halinitii hofu sana, kwa sababu mwenyewe atahangaika nalo. Ninaloliogopa ni lile lililouma kisha likanyamaza. Shemeji yangu wa Wete gego lake lilimsumbua mwezi wa Rajabu wote. Akatia karafuu, na karafuu inaweza kutuliza kweli, ina mafuta yanayotia ganzi. Baada ya siku kadhaa maumivu yakakatika. Akatuambia limepona, hospitali ya nini tena? Kumbe tundu lilikuwa limefika ndani kabisa kwenye mshipa wa jino, mshipa umekufa, na mtu hawezi kuumwa na kilichokufa. Uozo ukaendelea kushuka kimya kimya mpaka kwenye mfupa wa taya.

Kumi la pili la Ramadhani akaamka kwa daku shavu limevimba. Akanunua vidonge vya antibiotiki dukani bila kuandikiwa, vya kumeza mara tatu kwa siku. Mara tatu na huku amefunga? Akameza alipoweza, uvimbe ukapungua kidogo, akaviacha. Siku chache baadaye uvimbe ukarudi, safari hii chini ya kidevu. Mdomo haufunguki, mate hayamezeki, sauti kama ya mtu aliyejaza chakula kinywani. Mkewe ndiye aliyelazimisha gari itafutwe usiku ule ule. Daktari alimpasua akatoa usaha, akaling'oa gego, akamwambia mkewe kwamba uvimbe wa pale ukiachwa unaziba njia ya pumzi. Idd ilimkuta wodini, kaimati anazinusa kwa wageni.

Kwa hiyo mwenye jino lenye tundu, liwe linauma au limetulia, aende kwa daktari wa meno kabla Shaaban haijaisha. Kama kuziba lizibwe, kama kung'oa ling'olewe, kidonda kipate kupona ukiwa bado unasukutua mchana bila wasiwasi. Aspirini usiiweke juu ya ufizi, inaunguza. Na uvimbe wa taya ukija pamoja na homa au shida ya kumeza, usingoje asubuhi.

Mswaki wenyewe: wengi wetu ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na jua likishapinduka tunaacha kupiga mswaki mpaka magharibi. Sawa, lakini basi zile mara mbili za usiku zisikosekane, baada ya daku na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Ulimi nao upigwe, harufu nyingi inakaa huko. Watoto wasimamiwe, wanakula tambi za sukari mpaka usiku wa manane, kisha wanalala hivyo hivyo.

Kwenye futari sitakuharamishia kaimati, nami nazila. Lakini angalia meza: tende, uji wa sukari, juisi ya ukwaju yenye sukari, ndizi mbivu za nazi, kisha chai tamu barazani baada ya taraweh. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza ingefaa isizidi gramu 25 hivi kwa siku, kama vijiko 6 vya chai. Jagi moja la juisi la nyumba nyingi linameza zaidi ya hivyo. Tende hunata kwenye meno, basi ukishafungulia sukutua maji. Muhogo, majimbi, samaki na mchicha vipate nafasi kabla ya vitamu, na maji yanywewe kidogo kidogo usiku kucha, si jagi zima dakika ya mwisho ya daku.

Tena miaka hii mfungo unaangukia kwenye joto la kaskazi, na masika yako mlangoni. Mvua zikianza, maji ya kisima yachemshwe hata yakionekana meupe. Weka ndani pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, moja kwa lita moja ya maji safi; anayeharisha asilazimishwe kufunga. Mafua usiyatibu kwa antibiotiki zilizobaki kabatini. Chakula cha futari kilicholala kipashwe moto mpaka kichemke, na chenye harufu kitupwe, hata kama ni biriani. Chandarua nacho kikague, kikiwa na tundu kishonwe.