Ukitaka kuingia kamati ya shule ya msingi, anzia kwenye ubao wa matangazo

Tuelewane kwanza ni kiti gani. Sekondari ina bodi, shule ya msingi ina kamati, na vyote viwili vimewekwa na Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978. Mwalimu mkuu ni katibu, mwenyekiti anatoka upande wa wazazi. Mshahara hakuna. Chama pia hakuna, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 uliwaacha watu na joto, mpaka mtu anakuja kikao cha wazazi na fulana ya chama. Fulana ibaki nyumbani. Ukivaa rangi umeshapoteza nusu ya mkutano kabla hujasema salamu aleikum.

Mimi ni muuza samaki wa kukaanga, Makorora, Tanga. Nimekaa kamati vipindi viwili, cha pili nikiwa mwenyekiti. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na kazi hii haikunitaka zaidi ya hapo.

Wengi wanaanza na hotuba. Wewe anza na hesabu. Nenda shuleni siku ya kawaida, uangalie ubao wa matangazo kama mapato na matumizi yamebandikwa. Kisha piga hesabu yako. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Kwa hiyo shule yenye watoto 800 inapata 4,800,000 kwa mwaka, yaani kama 400,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, mipira, kitasa cha mlango na bati lililong'oka. Ukishaijua hesabu hii utaona mambo mawili: fedha ni kidogo kuliko wazazi wanavyodhani, na ni nyingi kiasi cha kutosha kuulizwa. Mgombea anayelijua la kwanza tu anakuwa wakili wa walimu. Anayelijua la pili tu anakuwa mgomvi. Wazazi wanamtafuta anayeyajua yote mawili.

Sasa kura. Usiogope yule mwalimu mstaafu ambaye kila mwaka anapita. Mwache apite, tena mpigie. Hiki si kiti cha ubunge kwamba anatoka mmoja. Viti vya wazazi ni kadhaa, na wewe unatosha kuwa chaguo la pili au la tatu la kila mtu. Ndiyo maana kumsema mwenzako vibaya ni hasara tupu. Wanaomtaka yeye bado wana kura ya kukupa wewe.

Kina mama utawapata kwenye kikoba, bombani, na kwa msusi. Kina baba wako kwenye kahawa, na pale mwanamke haendi kusimama akahutubia. Kama wewe ni mwanamke, mtume kaka yako au shemeji, na umpe jambo moja tu la kusema, maana akipewa matatu atayachanganya na mpira wa Coastal. Usigawe chochote, hata soda. Atakayekunywa soda yako leo ndiye atakayesema kesho kwamba umenunua kiti.

Jambo ambalo wagombea wengi hawalioni ni tarehe. Mwalimu mkuu hupanga mkutano kwa kalenda ya ofisi, nasi huku baba wengi ni wavuvi. Wanaovua dagaa kwa taa hutoka usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Basi mapema kabisa muombe mwalimu, kwa heshima, mkutano uangukie siku za mbalamwezi, uanze asubuhi na uishe kabla ya adhuhuri. Ukivuka hapo watu wanaondoka kuswali, watoto wanatakiwa madrasa, na kura zinapigwa na waliobaki, ambao kwa kawaida ni majirani wa shule na jamaa zao. Mwezi wa Ramadhani usiufikirie kabisa.

Siku yenyewe uliza mapema: kura ni za mikono au karatasi? Omba karatasi. Mkono wa mama unaangaliwa na mumewe, na mwalimu wa mwanawe pia.

Ukiitwa mbele, sema maneno machache. Yangu yalikuwa haya: "Nina watoto wawili hapa, wa darasa la pili na wa darasa la sita. Mkinichagua, ruzuku ikiingia itabandikwa pale, na asiyejua kusoma atasomewa. Ahsanteni." Nikakaa.

Lakini utaulizwa kuhusu michango, jiandae. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na mpaka leo kuna mzazi anayesimama na kulitaja hilo kama hati ya nyumba. Usimbishie, wala usiahidi kwamba hakutakuwa na mchango kamwe, maana uji wa mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi, hautoki kwenye ruzuku. Mwambie hivi: mchango utakuwa wa hiari, utajadiliwa na wazazi wenyewe, utaandikwa kwenye muhtasari, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili yake. Halafu lazima uyasimamie. Mimi nilishagombana na mtu mzima mwenye cheo kwa mtoto mmoja kurudishwa, na ugomvi ule ulinipa kura nyingi kuliko hotuba yoyote.

Uchaguzi wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa sasa una kazi ya kuhukumiwa nayo, na kazi inayoonekana ni ujenzi. Siku hizi madarasa hujengwa kwa fosi akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta mafundi wa mtaani, nasi tunaunda kamati ndogo za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Anayenunua asiwe anayepokea. Shika hilo hata kama anayenunua ni mjomba wako. Saruji inatengenezwa hapa hapa Pongwe, kwa hiyo bei yake kila mtu anaijua, haidanganyiki sana. Kwenye nondo ndiko macho yanakohitajika, ya milimita 10 ikija badala ya 12 mtu asiyeshika kipimo haoni. Andika kila kitu kwenye daftari la mapokezi: tarehe, idadi, nani kaleta, nani kapokea. Daftari lile ndilo kampeni yako. Kipindi kikiisha liweke juu ya meza mkutanoni, anayetaka afungue.

Na usipopita, usiondoke umenuna. Omba uingizwe kamati ndogo ya mapokezi. Lori la mchanga huja saa nane mchana wajumbe wakiwa makazini, na mtu wa kusimama pale juani akahesabu hapatikani.