Kutazama ndege wakati wa baridi Lubumbashi, hatua kwa hatua

Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi zinapotulazimisha kuvaa pulova, wengi hudhani ndege wamehama wote. Kwangu huu ndio wakati bora wa kuanza. Mbayuwayu na wageni wengine wa Ulaya wako kwao wakilea makinda, nyasi zimekauka au zimeungua, na waliobaki wanaonekana vizuri.

Hatua ya 1: Subiri jua. Asubuhi yenye baridi kali wadudu hawaruki, kwa hiyo ndege wanaowala nao huchelewa. Tafuta miti inayopigwa na jua la kwanza. Huko utakuta kuzumburu wamening'inia kwa kikundi, matumbo wameyaelekeza juani wapate joto.

Hatua ya 2: Anzia majini. Lac Tshombe, ziwa la mjini, inatosha. Salimia kwanza walinzi na wavuvi, waeleze unachotafuta, na usielekeze jumeli (darubini) kambi ya askari hata kama ndege mzuri ametua pale. Kisha kaa, jua likiwa mgongoni. Mtazame mdiria mweusi-mweupe anavyopigapiga mabawa papo hapo hewani kabla ya kujitupa majini: dume ana mistari miwili kifuani, jike ana mmoja uliokatika katikati.

Hatua ya 3: Mfuate mramba. Hapa ndipo penye utamu wote, na hapa ndipo subira inahitajika. Kwenye misitu ya miombo, kwa mfano upande wa Kipopo, nje ya mji, ndege wakiwa hawazai huacha kugombania mipaka na kutembea pamoja, aina nyingi katika kundi moja. Unaweza kupita miti mingi kimya kabisa, halafu mti mmoja ukajaa. Usizunguke sana, simama usikilize. Ukimwona mramba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, amekaa tawi la wazi na kurukia wadudu wanaoshtuliwa na wenzake, chunguza chini yake na pembeni yake. Gogota atakuwa kwenye shina, wadogo wa kijani na njano wakipekua ncha za matawi. Kundi halikai. Anza na wale wa ncha za matawi, kwa sababu wao hupotea kwanza. Gogota utamkuta tena.

Miombo hiyo inakatwa kila siku kwa ajili ya makala (mkaa). Unapopata kipande chenye miti mikubwa, kirudie mara kwa mara.

Hatua ya 4: Usitegemee rangi. Kweche dume amevua wekundu wake, fumbwe amepoteza mkia mrefu, wote wamekuwa kahawia kama majike. Angalia unene wa mdomo, urefu wa mkia, na namna anavyokula. Chozi, ndege mdogo anayefyonza maua, mtafute kwenye mti wa Erythrina abyssinica: unachanua maua mekundu ukiwa hauna majani, kwa hiyo hana pa kujificha.

Hatua ya 5: Andika palepale. Kwenye kaye (daftari) weka tarehe, saa, mahali na idadi. Ukipeleka orodha eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, ndege usiyemtambua usimpe jina la kubahatisha. Andika umbo lake, umwache hivyo.