Vihusishi vya Kiingereza kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Wanaojifunza Kiingereza hapa Dodoma mara nyingi hawashindwi na maneno makubwa. "Government", "development" na "responsibility" wanayajua na wanayatamka vizuri. Kinachowakwamisha ni vineno vya herufi mbili tatu: in, on, at, to, for, by. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, na vineno hivi anapewa kama orodha ya kukariri. Nafundisha tuisheni ya jioni. Baadhi ya wanafunzi wangu wako sekondari, wengine ni watu wazima wanaojiandaa kwa usaili wa kazi, na makosa yao yanafanana. Chanzo ni kimoja: kazi inayofanywa na kihusishi cha Kiingereza, Kiswahili kimeigawa sehemu nyingine, kwenye kitenzi, kwenye kiambishi cha mwisho wa neno, na kwenye "kwa" na "na". Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye Kiswahili chako. Chukua daftari.

Hatua ya 1: Jua -ni inafanya nini

Andika sentensi tatu: Niko shuleni. Naenda shuleni. Natoka shuleni.

"Shuleni" haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kitenzi, nacho ndicho kinachotuambia kama mtu ametulia, anaelekea au anaondoka. Sasa ziandike kwa Kiingereza: "I am at school." "I am going to school." "I am coming from school." Vihusishi vitatu kwa "shuleni" ileile.

Kwa hiyo swali "-ni kwa Kiingereza ni nini?" halina jibu, na anayekupa jibu moja anakupotosha. Uliza hivi: huyu mtu ametulia, anakwenda, au anatoka? Anayesema "I went in Kondoa yesterday" ametumia kihusishi cha kutulia wakati kitenzi chake kinasafiri. Ni "I went to Kondoa". Akishafika na kukaa, hapo ndipo anakuwa "in Kondoa".

Hatua ya 2: Kama ametulia, chagua kati ya at, on na in

Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu tayari tunazo ngeli tatu za mahali. Tunasema mezani pana vumbi, mjini kuna watu, mtungini mna maji. Sikio lako linajua tofauti ya "pana" na "mna" bila kufundishwa. Kiingereza nacho kinagawa mahali mara tatu, ingawa mipaka yake si hiyohiyo.

"In" ni ndani ya kitu chenye mipaka, ile "mna" yetu. Nchi, mkoa, mji, mtaa, nyumba, chumba, mfuko: "in Tanzania", "in Dodoma", "in Kisasa", "in the kitchen", "in my pocket".

"On" ni juu ya uso wa kitu, kwa kugusana. "On the table", "on the floor". Uso wa ukutani nao ni uso, hivyo picha iliyotundikwa iko "on the wall", na nzi aliye darini yuko "on the ceiling" hata kama yuko chini ya dari.

"At" ni nukta. Husemi ndani wala juu, unataja tu pale mambo yanapotokea: "at the bus stop", "at the station", "at Nyerere Square", "at the door". Ukimpigia rafiki simu na kumwambia "I am at the market", umemtajia ulipo. Ukisema "I am in the market", unamwonyesha uko katikati ya mabanda na watu. Zote ni sahihi, inategemea unataka aone nini.

Sehemu tatu zinawasumbua wengi hapa kwetu, kwa hiyo tusizipite haraka.

Ya kwanza ni usafiri. Basi, treni na ndege huchukua "on": "I am on the bus." Gari dogo na teksi huchukua "in": "I am in a taxi." Kipimo kinachosaidia ni hiki: kama ndani unaweza kusimama na kutembea, tumia "on", kama unakaa tu, tumia "in". Bajaji basi ni "in a bajaji". Bodaboda unaipanda kwa juu, hivyo ni "on a bodaboda", na baiskeli vilevile.

Ya pili ni shamba. Kwa kuwa tunasema "shambani", mtu huandika "in the farm". Kiingereza husema "on the farm". Lakini shamba la zabibu, kama yale ya Hombolo, likiitwa "vineyard" linarudi kwenye "in": "The workers are in the vineyard." Hapa hakuna mantiki ya kutafuta, shika hivyo.

Ya tatu ni hospitali. "He is in hospital" kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofundishwa shuleni kwetu, maana yake amelazwa. "He is at the hospital" ni kwamba yuko pale tu, labda anafanya kazi au amekwenda kumwona mgonjwa. Ukichanganya haya kwenye ujumbe wa simu, ndugu watapata hofu bure.

Hatua ya 3: Kama kuna mwendo, angalia kitenzi kimebeba nini

"To" ni kuelekea, "from" ni kutoka, "into" ni kuingia ndani, "out of" ni kutoka ndani, "through" ni kupenya katikati, "past" ni kupita kando, "across" ni kukatiza upande wa pili. Kitenzi chetu "pita" kinafanya kazi ya viwili kati ya hivyo, kwa hiyo kuwa makini. "The train from Dar es Salaam to Dodoma goes through Morogoro": treni inaingia Morogoro na kutokea upande wa pili. "The bus went past the stop": basi limepita kituo bila kusimama.

Kuna vitenzi vya Kiingereza ambavyo tayari vina mwelekeo ndani yake, kama "ingia" na "vuka" za kwetu. Hivyo havitaki kihusishi. "Enter the office", bila "into". "Cross the road". "Reach Dodoma". "Leave" kinahitaji uangalifu zaidi: "We leave Dodoma at noon" ni kuondoka Dodoma, "We leave for Dodoma at noon" ni kuondoka kuja Dodoma. Neno moja dogo linageuza safari nzima.

"Arrive" haiendi na "to" kamwe, ingawa "fika" inatushawishi hivyo. Mji au nchi ni "arrive in Dodoma". Mahali pa nukta ni "arrive at the station". "Home" nayo ikija na kitenzi cha mwendo haitaki chochote: "I am going home."

Hatua ya 4: Wakati

Hii ni rahisi, tuipite upesi. Kipindi kirefu huchukua "in", siku huchukua "on", saa huchukua "at". Serikali iliamua "in 1973" kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Tanganyika na Zanzibar ziliungana "in April 1964", lakini ukitaja siku yenyewe ni "on 26 April 1964". Saa mbili asubuhi ni "at eight in the morning". Ondoa au ongeza saa sita kwanza, kihusishi baadaye. Usiku ni "at night", asubuhi ni "in the morning", ila asubuhi ya siku fulani inarudi kwenye siku: "on Monday morning". Ukishatumia next, last, this au every, kihusishi kinaondoka: "next Monday", si "on next Monday".

Mambo mawili yanataka utulivu zaidi. "For" hupima urefu wa muda na "since" hutaja mwanzo wake, na vyote viwili, jambo likiwa bado linaendelea, huvuta kitenzi cha "have": "I have lived in Dodoma for six years", "I have lived in Dodoma since 2018". Sisi tunasema "naishi hapa tangu 2018", ndiyo maana watu huandika "I live here since 2018". Kosa hapo liko kwenye kitenzi.

Jambo la pili ni "mpaka" na "hadi". "Until" ni kwa hali inayoendelea mpaka muda fulani: "The office is open until four." "By" ni kwa tendo la mara moja lisilopaswa kuchelewa: "Send your application by Friday." Ukimwandikia mwajiri "I will send it until Friday", ataelewa kwamba utakuwa unaituma tena na tena hadi Ijumaa.

Hatua ya 5: Vunja "kwa" na "na"

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi darasani, na ningependa nawe ufanye hivyo. Fungua ukurasa mpya, andika "kwa" katikati, kisha zungushia sentensi zako. Kwenda kwa basi, "by bus". Kwenda kwa miguu, "on foot". Kukata kwa kisu, "with a knife". Kuandika kwa Kiswahili, "in Swahili". Kuuza kwa shilingi elfu mbili, "for two thousand shillings". Kukaa kwa siku tatu, "for three days". Kwenda kwa daktari, "to the doctor". Ukitazama ukurasa ukishajaa utaona mpangilio: chombo cha usafiri ni "by", kifaa cha mkononi ni "with", lugha ni "in", bei na muda ni "for".

Fanya hivyohivyo kwa "na". Kuja na mama, "with my mother". Kuibiwa na mwizi, "by a thief", kwa kuwa "na" inayofuata kitenzi cha kutendwa humtaja mtendaji. Lakini ameolewa na mwalimu ni "married to a teacher", wala si "with" wala "by". Mbali na mji, "far from the town". Tofauti na jana, "different from yesterday". Sawa na changu, "the same as mine". Karibu na soko, "near the market", bila kitu katikati.

Hatua ya 6: Jifunze kitenzi pamoja na kihusishi chake

Kiswahili mara nyingi hukificha kihusishi ndani ya kitenzi. "Amenipikia wali": hiyo -i- iliyoingia kwenye "pika" ndiyo "for" ya "She cooked rice for me." "Nielezee" ndiyo "Explain it to me", na anayeandika "Explain me" ameisahau "to" kwa sababu kwake ilikuwa imeshamezwa na kitenzi.

Kwa hiyo usiandike "subiri = wait" kwenye daftari lako. Andika "subiri = wait for". Sikiliza, "listen to". Tazama, "look at". Tafuta, "look for". Tegemea, "depend on". Omba kitu, "ask for". Kwa kila kimoja tunga sentensi ya maisha yako mwenyewe, yenye mtu unayemjua na mahali unapopajua, maana sentensi za aina hiyo ndizo zinazobaki kichwani.

Kuna upande wa pili pia. "Jadili kuhusu" imezaa "discuss about", nayo ni makosa: "We discussed the budget." "Mention" na "answer" ni vilevile, ukivitumia kama vitenzi havitaki kihusishi.

Tena, kitenzi kinachofuata kihusishi huishia na -ing. Baada ya kula ni "after eating", si "after to eat". Ahsante kwa kuja, "thank you for coming". Hata kwenye barua ya kuomba kazi: "I look forward to meeting you." Wengi huandika "to meet" wakiona hiyo "to", lakini hapo "to" ni kihusishi.

Na usiogope kumaliza swali kwa kihusishi. "Who are you waiting for?" ni Kiingereza safi kabisa.

Hatua ya 7: Jipime

Nakili aya hii, jaza mapengo, na kumbuka kwamba mengine hayatakiwi kujazwa kitu.

"I live __ Nkuhungu and work __ Mtumba. I leave home __ six __ the morning and go __ bus. I have worked there __ 2021. __ Fridays I wait __ my sister __ the bus stop near __ the market, and we discuss __ our plans before __ (go) home."

Majibu kwa mpangilio: in, in, at, in, by, since, On, for, at, pengo tupu, pengo tupu, going. Ukikosa mawili ya kwanza, rudi hatua ya 2. Ukikosa "by", ukurasa wako wa "kwa" bado haujajaa. Ukiweka "to" baada ya "near" au "about" baada ya "discuss", soma tena hatua ya 5 na ya 6, kisha andika aya kama hii kuhusu siku yako mwenyewe na umpe mtu mwingine aijaze.