Somo: Fangasi kwenye sainasi, jua aina kabla ya kununua dawa

Upepo wa Agosti ukianza hapa Dodoma, kila mafua huitwa sainasi, yaani ugonjwa wa uwazi ulio ndani ya mifupa ya uso kuzunguka pua, na siku hizi kila sainasi huitwa fangasi. Nyingi si fangasi, ni aleji ya vumbi au virusi tu.

Hatua ya 1. Ondoa hatari kwanza. Kama una kisukari kisichotulia, unatumia dawa za saratani au umepandikizwa figo, kisha uso ukavimba upande mmoja, shavu likafa ganzi, ukaona vitu viwiliviwili au weusi kwenye kaakaa, nenda hospitali usiku huohuo. Fangasi wa aina hii hushambulia mishipa ya damu na kupanda hadi jichoni na kwenye ubongo ndani ya siku chache. Matibabu ni kukata nyama iliyokufa, amfoterisini B (dawa ya fangasi) ya mshipani na kushusha sukari, vyote kwa pamoja.

Hatua ya 2. Huna dalili hizo? Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Atachungulia kwa kamera nyembamba na kukuandikia CT scan (picha ya ndani ya kichwa), kipimo kinachopatikana Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma. Aina moja ni bonge la fangasi: hukaa upande mmoja, mara nyingi kwenye uwazi wa shavuni. Likitolewa kwa upasuaji wa kupitia puani, kwa kawaida hakuna dawa ya fangasi inayofuata. Aina nyingine, ya aleji ya fangasi, ndiyo sumbufu: vinyama puani, na kamasi ya kahawia nzito kama siagi ya karanga. Husafishwa kwa upasuaji, kisha steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) ya kupuliza, wakati mwingine na vidonge vya prednisoloni, na kliniki usiache, maana hurudi. Steroidi hizohizo kwa mgonjwa wa hatua ya 1 zinaweza kumuua, kwa hiyo usiazime dawa ya jirani.

Hatua ya 3. Kuosha pua. Maji yachemke dakika nzima, yapoe. Mililita 240 kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Inama kwenye beseni, pumua kwa mdomo, mimina tundu moja yatokee la pili. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa, hapana.

MASWALI

Nimemaliza dozi ya flukonazoli, dawa ya fangasi, pua bado. Niongeze?
Hapana. Flukonazoli haiwagusi fangasi waitwao Aspergillus wala Mucor, na hao ni miongoni mwa wakazi wakuu wa sainasi.

Napepeta mahindi Kibaigwa. Niache kazi?
Usiache. Vaa barakoa inayobana, simama upepo ukutokee mgongoni, na mahindi yenye ukungu usiyaguse. Aspergillus flavus aliyemo humo ndiye yule wa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliyozuka 2016.

Kujifukiza mwarobaini je?
Mvuke hulegeza kamasi. Lakini hauui fangasi, na sufuria la moto limeunguza wengi.

Mama ana kisukari, shavu lina ganzi tangu jana. Kliniki ni Jumatatu, tusubiri?
Msisubiri, dada. Mpelekeni dharura sasa hivi, na mkifika mapokezi, kabla ya kutaja pua, semeni ana kisukari na shavu limekufa ganzi.