Namna ya Kurudi kwenye MechWarrior 2: Mercenaries Bila Kuuharibu

Mara ya kwanza nilipourudia MechWarrior 2: Mercenaries, mchezo wa zamani wa kompyuta wa kuendesha roboti kubwa za kivita, baada ya miaka mingi ya kuukumbuka kwa upendo, niliuacha ndani ya nusu saa. Muziki haukusikika hata kidogo, roboti yangu ilikwenda kwa mwendo usio wake, na nikaanza kuamini kwamba kumbukumbu za ujana zilikuwa zimenidanganya. Baadaye niligundua kwamba mchezo haukuwa na kosa. Nilikuwa nimeuandaa vibaya, kisha nikaucheza kwa papara kama michezo ya siku hizi ya kufyatua risasi. Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kuurudia jinsi ulivyokuwa, na pia kwa kijana ambaye hajawahi kuugusa lakini amewasikia wakubwa wake wakiusimulia.

Inafaa kwanza kujua unarudia kitu gani. Mchezo ulitolewa na Activision mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya MechWarrior 2: 31st Century Combat, na hadithi yake imo katika ulimwengu wa BattleTech uliobuniwa na kampuni ya FASA ya Chicago mwaka 1984. Katika ule wa 1995 ulikuwa shujaa wa mojawapo ya Koo, yaani jamii za kivita za ulimwengu huo, ukapewa roboti na kutumwa vitani. Katika Mercenaries wewe ni mamluki: roboti ni mali yako, deraya iliyotoboka utaitengeneza kwa fedha zako, na kombora ulilolipoteza angani umelinunua mwenyewe. MechWarrior ya kwanza kabisa, iliyoundwa na Dynamix mwaka 1989, nayo ilimfanya mchezaji kuwa askari wa kukodiwa, kwa hiyo Mercenaries ilikuwa inarejea kwenye shina lake. Mtu asiyelikumbuka jambo hili ataona vita tu, na vita peke yake ni nusu ya mchezo.

Kuupata mchezo ndiyo sehemu yenye usumbufu. Hauuzwi kwenye maduka ya kupakua michezo, kwa sababu haki zake ziligawanyika kwa miaka mingi: Activision ndiyo iliyouchapisha, lakini haki za michezo ya kompyuta ya BattleTech zilikwenda Microsoft ilipoinunua FASA Interactive mwaka 1999. Njia ya uhakika ni kuitafuta diski halisi, yako ya zamani au ya mtumba. Kabla ya kuinunua, itazame chini ya mwanga kwa pembe, kwa maana mikwaruzo ya mviringo inayofuata njia ya data ni mibaya kuliko ile inayotoka katikati kwenda ukingoni.

Ukishaipata, tengeneza nakala yake kwenye kompyuta, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Watu huzoea kutengeneza faili moja la ISO. Muziki wa mchezo huu, hata hivyo, umehifadhiwa kama nyimbo za kawaida za CD, zikifuata baada ya sehemu ya data, na faili la ISO hubeba sehemu ya data peke yake. Matokeo yake mchezo unafunguka vizuri, unacheza vizuri, lakini uko kimya. Na Mercenaries bila muziki wake ni kama harusi bila ngoma. Chagua muundo wa BIN na CUE katika programu yako ya kunakili diski. Faili la BIN litabeba data pamoja na nyimbo, na lile dogo la CUE litaieleza kompyuta kila wimbo unaanzia wapi.

Kwa kuuendesha ninapendekeza toleo la DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, ndani ya DOSBox, ambayo ni programu ya bure inayoigiza kompyuta ya miaka ile. Toleo la Windows 95 lina uhusiano mgumu na kompyuta za leo, na sioni sababu ya kuanza nalo. Tengeneza folda yenye jina fupi lisilo na nafasi, kama mercs, weka humo faili zako mbili, kisha andika ndani ya DOSBox:

mount c C:\mercs
imgmount d C:\mercs\mercs.cue -t iso

Angalia kwamba amri ya pili inataja faili la CUE; ukilitaja la BIN utarudi kwenye ukimya ule ule. Baada ya hapo nenda kwenye diski D, endesha programu ya kusakinisha, na unapoulizwa kuhusu sauti chagua Sound Blaster 16, kwa sababu ndiyo kadi ambayo DOSBox huiigiza.

Sasa kuna suala la kasi, ambalo ndilo linaloamua kama utaufurahia mchezo au la. Uliundwa kwa ajili ya kichakataji cha 486 na Pentium za mwanzo, na baadhi ya mambo yake hufuata kasi ya kompyuta badala ya saa. Ukiuachia nguvu zote za mashine ya leo, injini za kurukia na mwendo wa vitu huanza kwenda kombo. Katika faili la mipangilio la DOSBox tafuta mstari wa cycles, unaoweka kasi ya kichakataji kinachoigizwa, na uandike:

cycles=fixed 30000

Anzia hapo. Wakati mchezo unaendelea, bonyeza Ctrl na F12 kuongeza kasi, au Ctrl na F11 kuipunguza, ukienda hatua kwa hatua huku ukitazama mandhari yanavyopita unapogeuza kiwiliwili cha roboti. Sauti ikianza kukatikakatika umevuka uwezo wa kompyuta yako. Picha ikisuasua bado uko chini. Ukipata kiwango kinachokuridhisha, kiandike kwenye mipangilio usikiguse tena. Kwa ukubwa wa picha, 640 kwa 480 unatosha.

Kuhusu vidhibiti nitasema kwa ufupi. Kibodi inatosha kabisa: tarakimu za juu huweka mwendo kuanzia polepole hadi kasi kamili, na herufi J huruka. Hata hivyo, kama una joistiki ya USB, iunganishe kabla ya kufungua DOSBox, kwa sababu ikichomekwa baadaye haitatambuliwa. Jambo la kuzoea ni kwamba miguu na kiwiliwili hugeuka kila kimoja kivyake. Tumia misheni za mafunzo kujifunza kutembea upande mmoja huku ukipiga upande mwingine mpaka mikono ifanye yenyewe bila kufikiri. Mwili huwa haujasahau.

Baada ya hapo chukua daftari la karatasi. Nasema hili kwa dhati kabisa. Kila unapomaliza mkataba, andika malipo uliyopata, gharama ya matengenezo, bei ya risasi na makombora uliyotumia, na fedha zilizokwenda kwa marubani uliowaajiri. Baada ya mikataba minne au mitano utaona kitu ambacho skrini haikuonyeshi wazi: kuna ushindi uliokutia hasara. Mimi niliona katika daftari langu kwamba misheni niliyoisimulia kwa majivuno, ile niliyoshinda nikiwa nimebaki na mguu mmoja mzima, ilinigharimu zaidi ya ilivyonilipa, na tangu siku hiyo nilianza kusoma masharti ya mkataba kabla ya kutazama aina ya adui. Kanuni yangu ni kutogusa mkataba ambao matengenezo yake, kwa kukadiria vibaya, yanaweza kula nusu ya malipo.

Hesabu hiyo hiyo inaingia ndani ya roboti yenyewe, na hapa inasaidia kuzijua kanuni za BattleTech ya mezani ambazo ndizo msingi wa mchezo. Mzinga wa chembe, unaojulikana kama PPC, una uzito wa tani 7, hupiga kwa nguvu ya 10 na hutoa joto la 10. Leza ya wastani ina uzito wa tani 1 tu, hupiga kwa 5 na hutoa joto la 3. Kwa hiyo leza mbili za tani 2 zinatoa kipigo sawa na mzinga wa tani 7, tena kwa joto la 6. Tofauti ni kwamba mzinga unafika mita 540 na leza zinaishia mita 270. Kipoza joto kimoja cha kawaida huondoa joto la 1. Roboti yenye mizinga mitatu na vipoza joto 16, ikifyatua yote kwa pamoja, inabaki na joto la 14 lisilo na pa kwenda, na ikirudia mara moja inaweza kujizima katikati ya uwanja, mbele ya adui aliye macho. Fyatua silaha moja moja, zikipokezana, na umfanye adui asikuone ukipumua.

Leza zina faida nyingine ambayo daftari litaithibitisha: hazili risasi. Mzinga mkubwa wa risasi, AC/20, hupiga kwa 20 lakini tani moja ya risasi zake ni mapigo 5 tu, na kila pigo limelipiwa. Tena risasi zilizobaki ndani ya mwili hulipuka zikipigwa. Kwa miezi ya mwanzo ya kampeni, wakati mfuko ni mwepesi, ninashauri roboti nyepesi au ya wastani yenye leza na deraya nene, na makombora machache ya kuanzia mbali.

Kisha kuna ngawira. Mamluki haishi kwa malipo pekee. Anaishi pia kwa vile alivyookota vitani. Roboti ya adui iliyosagwa kifuani ni chuma chakavu, ndiyo maana wachezaji wazoefu hulenga mguu mmoja na kuushikilia mpaka ukatike, kisha wanahamia kwa anayefuata. Katika mapambano ya mtandaoni ya enzi hizo wengi waliidharau mbinu hiyo na kuiona si ya kiungwana. Katika kampeni ya peke yako hakuna wa kukulaumu.

Ninakuomba jambo moja zaidi, ambalo ni gumu kuliko yote: usirudi kwenye mchezo uliouhifadhi nyuma kila mara unapopata hasara. Rudi ukiwa umekufa, basi. Kama umepoteza rubani au roboti lakini umetoka hai, beba hasara hiyo uingie nayo kwenye mkataba unaofuata, kwa sababu woga ule wa kuhesabu senti za mwisho kabla ya kununua risasi ndio tulioukumbuka miaka yote hii, hata kama tulidhani tunakumbuka milipuko.

Utaihitaji akiba ya fedha Koo zitakapowasili. Roboti zao zitakupiga kutoka umbali ambao silaha zako hazifiki, na Mad Cat, roboti yao ya tani 75 yenye mwendo wa kilomita 86 kwa saa, haikimbiwi na roboti nzito yoyote utakayokuwa umenunua. Kwa kulinganisha, Atlas, roboti ya tani 100, inakwenda 54 tu. Usisimame tambarare kubadilishana mapigo na rubani wa Mad Cat. Weka kilima kati yenu, zima hamu ya kufyatua mapema, mwache akufuate hadi ndani ya mita 270, kisha umpige wewe pamoja na marubani wako wote kwenye mguu ule ule. Na kabla ya kutia saini mkataba wa kwanza dhidi yao, hakikisha daftari lako linaonyesha fedha za kutengeneza roboti mbili nzima.