Kanzu ya Ijumaa: mume, shika pasi mwenyewe

Alhamisi baada ya Isha ndipo barazani kwangu panapojaa. Mimi ni dobi hapa Mji Mkongwe, Unguja, na pasi nimeishika tangu ujana. Waume za watu huniletea kanzu moja moja, na maneno yao karibu hayabadiliki: "Mama watoto leo kachoka." Kachoka kweli. Tangu alfajiri hajakaa kitako: sare za skuli, kanzu za chuo cha Kurani, jiko, mtoto wa kunyonya.

Nami nilikuwa vivyo hivyo. Kutwa napiga nguo za watu, nikirudi nyumbani sigusi hata shati la mwanangu. Usiku mmoja mke wangu alikuwa akipiga sare huku kambeba mtoto mgongoni. Mtoto akanyoosha mkono, kidole kikagusa pasi. Kovu lake lipo mpaka leo. Tangu usiku ule pasi ya nyumbani ni yangu. Na kama unaona aibu, kumbuka Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Alijibu kwamba alikuwa katika kazi za ahali zake, na wakati wa sala ukiingia hutoka kwenda kusali.

Basi fanya hivi.

1. Tandika chini pakavu. Meza ya pasi si lazima. Mkeka, juu yake blanketi la pamba lililokunjwa mara mbili, kisha shuka jeupe. Usipige juu ya godoro la sponji, nguo huzama na mikunjo haiondoki, tena moto ukilishika ni balaa. Mikono iwe mikavu na miguuni uvae viatu vya mpira, hasa kwenye sakafu ya saruji. Waya usining'inie mahali mtoto anapoweza kuuvuta.

2. Panga nguo kwa moto wake. Angalia nukta zilizo kwenye lebo. Moja ni ya nailoni na vitambaa vya aina hiyo, kiasi cha nyuzijoto 110. Mbili ni sufu na hariri, 150. Tatu ni pamba na kitani, 200. Anza na nukta moja, upande juu. Pasi hushika moto haraka lakini hupoa polepole, na nguo nyingi ninazoletewa zimeungua hapo: mtu kamaliza khanga kwa moto mkali, akapunguza kitufe, papo hapo akaikanyagia pasi kwenye buibui. Halafu zipige zote mara moja. Pasi ya wati 1000 ikiwaka mfululizo saa nzima inakula uniti 1, na kuiwasha asubuhi kwa shati moja, jioni kwa jingine, ni kuitupa Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, bure.

3. Buibui kwanza. Ligeuze ndani nje, weka kitambaa chepesi cha pamba juu yake, kisha pasi. Ukipitisha pasi moja kwa moja, kitambaa cheusi hubaki na mng'ao usiotoka tena. Penye vito na shanga zunguka kwa ncha.

4. Loanisha kanzu. Ya pamba haipigwi ikiwa kavu. Inyunyizie maji kwa vidole, ikunje, iache robo saa unyevu uenee. Maji ya visima vyetu yana chokaa kwa sababu kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Yanaziba matundu ya pasi ya mvuke na kuacha madoa meupe. Mimi hukinga maji ya mvua. Kanzu nyingi za dukani siku hizi zimechanganywa na polista, kwa hiyo soma lebo, na ujaribu kwanza ndani ya pindo.

5. Sasa kanzu yenyewe. Hapa usiwe na haraka.

Anza na kaba, yaani pale shingoni. Geuza kanzu, ulaze darizi juu ya taulo, upige kwa nyuma. Ukiipiga kwa mbele, uzi unalala na kazi yote ya fundi inapotea. Nenda kwenye mikono: laza mshono juu ya mshono, na pasi iishie upana wa kidole kabla ya ukingo, usije ukaweka mstari kama wa suruali. Kikwapa kinataka subira. Kivute kwa mkono wa kushoto mpaka kikaze, kisha ingiza ncha ya pasi.

Halafu badani, vile vipande vikubwa vya kiwiliwili, ya nyuma kabla ya ya mbele, kutoka begani kushuka chini. Fuata uzi wa nguo, usizungushe, kwani kuzungusha kunaivuta ikapinda. Kwenye mishono ya taharizi, vipande vya ubavuni, kandamiza na uinue, usiburute. Pindo mwisho. Pua yako iwe macho muda wote: pamba kabla ya kugeuka rangi hutoa harufu kama ya mkate unaobanikwa. Ukiisikia, inua.

Umeme ukikatika, usiidharau pasi ya mkaa. Mei 2008 Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ndiyo iliyotutoa. Iache mkaa uwake wote kwanza moshi uishe, ipunge mbali na nguo majivu yatoke, kisha uifute uso kwa jani la mgomba.

6. Tundika, usikunje. Nguo yenye joto bado ina unyevu, na wakati wa masika ukiifungia kabatini itaota koga. Nusu saa hewani inatosha. Kisha chetezo cha udi chini yake. Fukiza na buibui la mkeo, usifukize kanzu yako peke yake.

Chomoa pasi, isimamishe juu ya kabati, mahali mkono wa mtoto haufiki, wala usiizungushie waya mpaka ipoe.